Mnara mmoja, vipande 50: masafa ya 4G yanavyogawanywa

Swali ninaloulizwa sana katika kazi yangu ya kupanga mitandao ya simu ni hili: mnara naouona, simu imeandika 4G, bando ninalo, mbona video inazunguka tu? Wengi huamini kampuni imebana kasi makusudi. Mara nyingi jibu liko kwenye mgawo wa masafa.

Chukua seli ya 4G, yaani eneo linalohudumiwa na antena moja ya mnara, yenye masafa ya upana wa megahezi 10. Upana huo hukatwa vipande 50 vya kilohezi 180 kila kimoja, na mgawo hufanywa upya kila milisekunde. Yaani mara 1,000 kwa sekunde, programu iliyo kwenye mtambo wa mnara huamua kipande hiki apewe nani na kile apewe nani.

Ndani ya milisekunde hiyo kipande kimoja hubeba alama 168, yaani mipigo midogo ya mawimbi inayobeba biti (sifuri na moja za data), ila alama hizo hazina uzito mmoja. Aliye karibu na mnara, mawimbi yakimfikia safi, kila alama humletea biti 6. Aliye ukingoni hupata biti 2, na theluthi yake tu ndiyo data. Nyingine zote ni kinga dhidi ya makosa. Piga hesabu, ukiacha alama za usimamizi na kinga ndogo ya yule wa karibu: kipande kilekile kinampa wa karibu biti 1,008 na wa ukingoni 112. Ili kupakua megabiti 1, wa kwanza ataichukua seli nzima kwa milisekunde 20 hivi, wa pili karibu 180.

Kwa hiyo ukipima ufanisi kwa jumla ya biti peke yake, hesabu itakwambia umpe wa karibu kila kitu. Takwimu za ofisini zitapendeza, na mwanafunzi anayeishi ukingoni mwa seli atasubiri notisi zake mpaka achoke. Mimi huo siuiti ufanisi, kwa sababu yeye naye amenunua bando kwa bei ileile.

Ninachokitetea, na kimezoeleka kwenye mitandao mingi, ni mgawo wa uwiano. Simu huripoti kwa mnara hali ya mawimbi inayoyapata. Programu huchukua kasi ambayo simu ingeipata sasa hivi, huigawa kwa wastani wa kasi ambayo simu hiyo imekuwa ikipata, na mwenye uwiano mkubwa ndiye hupewa kipande. Hata wa ukingoni ana nyakati zake nzuri. Mawimbi humfikia kwa njia nyingi, mengine yamegonga mabati, mengine ghorofa, na yakikutana huongezana nguvu au huuana. Kwenye megahezi 1800, kuisogeza simu sentimita 8 tu kunaweza kubadilisha hali kabisa. Tena kipande cha 7 kinaweza kuwa kibovu kwako huku cha 31 ni kizuri. Kila mmoja akipewa kipande chake kikiwa kizuri, hakuna aliyedhulumiwa na seli nzima inabeba zaidi.

Hilo linamfaa aliyekaa au anayetembea kwa miguu. Basi linalokwenda kilomita 80 kwa saa hupita sentimita hizo 8 chini ya milisekunde 4, na ripoti ya simu ikishafanyiwa kazi tayari imepitwa na wakati. Abiria huyo ni bora vipande vyake vitawanywe upana wote.

Adui mkubwa wa wa ukingoni, hata hivyo, ni mnara wa jirani. Katika 2G tulizoea kuipa minara inayopakana masafa tofauti. Katika 4G minara yote hutumia masafa yaleyale, na mwingiliano huumiza hasa mpakani. Dawa yake ni kuwatengea wa ukingoni theluthi moja ya vipande, jirani naye atenge theluthi nyingine, na wa katikati watumie vilivyobaki kwa nguvu ndogo. Wengi huogopa kwamba wa ukingoni watapunjwa. Lakini mwingiliano ukipungua kiasi cha alama kubeba biti 4, nusu yake data, kipande kinatoka biti 112 hadi 336. Theluthi ya vipande, kila kimoja kikibeba mara tatu: hawajapoteza kitu, na theluthi mbili zimeachiwa wengine.

Kwa kampuni yenye masafa ya chini na ya juu, kazi ni rahisi zaidi. Megahezi 700, zilizoachwa na televisheni ya analojia ambayo Dar es Salaam ilizimwa Desemba 31, 2012, hufika mbali na hupenya kuta vizuri kuliko 1800. Naumia ninapokuta simu zilizo chini ya mnara zimeng'ang'ania 700 huku 1800 iko wazi. Kurekebisha vizingiti, yaani viwango vya mawimbi vinavyoamua lini simu ihamishwe kati ya masafa, hakuhitaji leseni mpya wala mnara mpya, na kwangu ndiyo kazi ya kwanza kabla ya kuomba megahezi nyingine.