Zima pangaboi kabla ya kufungua chupa ya urani

Mwanafunzi akiona alama ya mionzi kwenye chupa ya asetati ya uranili, unga wa chumvi yenye urani, huniuliza asimame umbali gani. Nasimamia maabara ya kemia hapa Dodoma, na humjibu aache kuhesabu hatua, aogope vumbi.

Urani-238 huchukua miaka bilioni 4.5 kupungua nusu, yaani atomi zake huvunjika polepole mno. Chembe za alfa inazotoa huzuiwa na karatasi, hata na ngozi iliyokufa ya juu ya mkono. Mionzi ya beta ya vizalia vyake, yaani atomi zinazozaliwa urani ikivunjika, hupenya zaidi, ila gramu chache zilizofungwa chupani na kukaa kabatini si za kukukimbiza. Shughuli huanza unga ukivutwa puani. Mapafu hayana ngozi iliyokufa ya kuyakinga, na urani ikiingia kwenye damu huumiza figo kwa sumu yake ya kikemia, mbali na mionzi.

Kiangazi chetu sasa! Hewa kavu, upepo wa Julai, madirisha wazi, pangaboi linazunguka. Unga hautulii hata kwenye mzani. Funga madirisha, zima pangaboi, tandika karatasi ya kunyonya kwenye trei, upimie ndani ya kabati la kuvuta hewa. Umeme ukikatika, funika chupa usubiri. Mimi napendelea mtu mmoja mzoefu ayeyushe mara moja, darasa zima litumie myeyusho. Unga ukishalowa, hatari kubwa imeondoka.

Wapo wanaoniambia Bahi na Manyoni urani imo ardhini na watu wanaishi. Sawa, lakini kule imetawanyika kwenye udongo; humu chupani ni zaidi ya nusu ya uzito.

Kipimo cha Geiger, kile cha kugundua mionzi, nacho kisikupe moyo bure. Vingi havioni alfa kabisa, na vyenye kidirisha chembamba lazima uvisogeze hadi kama sentimita moja. Napangusa meza kwa karatasi yenye unyevu, naiacha ikauke, ndipo naipima. Glavu zivuliwe kabla ya kushika kitasa, na simu (hapa ndipo tunapogombana) ibaki nje.

Mabaki hayamwagwi sinki. Yanaingia chupa ya plastiki yenye lebo, gramu zinaandikwa daftarini, na Tume ya Nguvu za Atomiki Tanzania ndiyo inayoulizwa yapelekwe wapi. Na zile chupa kuukuu zisizo na mwenyewe, ziulizie siku hiyohiyo.