Namba ya prosesa si anwani yake: dhana potofu kwenye ukaguzi wa kerneli

Nakaa Soweto, Mbeya, na jioni zangu nyingi huishia kwenye viraka vya kerneli ya Linux, programu ya msingi inayoendesha mashine: mabadiliko madogo ya msimbo ambayo mmoja ameandika na mwingine lazima ayakague kabla hayajaingizwa. Ninayoipenda zaidi ni sehemu inayofanya kazi mashine inapowaka tu. Kerneli inahesabu prosesa, inatafuta RAM iko wapi, kisha inachora ramani ya nani anakaa karibu na nini. Vijana ninaosoma nao huja na imani zilezile kila mara, na nyingine nilikuwa nazo mwenyewe.

Dhana: RAM ni RAM, kasi yake ni moja popote ilipochomekwa.

Kwenye laptopu yako, sawa. Kwenye seva yenye soketi mbili, yaani nafasi mbili za chipu za prosesa, kila chipu ina RAM yake pembeni, na ya mwenzake inaifikia kwa kupitia kwa huyo mwenzake. Mfikirie mwenye duka la mchele Mwanjelwa: ana stoo nyuma ya duka na nyingine Uyole. Gunia ni lilelile, mchele ni uleule wa Kyela, ila la Uyole mteja atalisubiri.

Kila kundi la prosesa na RAM yake tunaliita nodi. Umbali kati ya nodi na nodi hutoka kwenye jedwali la femwea, programu iliyomo ndani ya mashine yenyewe kabla ya Linux: 10 ni nyumbani, 255 maana yake hakuna njia. Jedwali lisipokuwepo, kerneli huchukulia jirani ni 20. Hizo si mita wala nanosekunde, ni uwiano tu.

Dhana: femwea ikishasema, imesema.

Femwea nayo imeandikwa na watu. Linux hulipima jedwali la umbali kabla ya kuliamini: nodi ikidai iko mbali na nafsi yake, au jirani akidai yuko karibu kama mwenyeji, jedwali zima linatupwa. Kiraka kinachopokea namba za femwea bila kuzihoji ni kununua mbuzi ndani ya gunia.

Dhana: soketi moja, nodi moja.

Hapana. AMD EPYC, chipu ya seva, hata ya soketi moja inaweza kupangwa iwe nodi 1, 2 au 4, kwa mpangilio wa BIOS (femwea) tu. Ziko pia nodi zenye RAM zisizo na prosesa hata moja, na zenye prosesa zisizo na RAM.

Dhana: prosesa zimepangwa kwa namba, basi zihesabu tu.

Hapa ndipo wengi wanapoanguka, kwa hiyo nivumilie kidogo. Kijana mmoja alinionyesha kitanzi (loop) ndani ya moduli yake, kipande cha msimbo kinachopakiwa kwenye kerneli: kinaanza sifuri, kinapanda moja moja mpaka kitimize idadi ya prosesa zilizo hai.

“Kaka, nimekijaribu mara kumi, kinafanya kazi.”

Sikubishana naye. Laptopu yake ina chipu moja, ila kerneli inaihesabu kama prosesa nne, 0 hadi 3. Nikamwambia aingie kama root, mtumiaji mwenye mamlaka yote, aandike:

echo 0 > /sys/devices/system/cpu/cpu1/online

Prosesa namba 1 ikazimwa. Zikabaki hai tatu: 0, 2 na 3. Kitanzi kikasoma “tatu”, kikapita 0, 1, 2. Kikampigia hodi aliyelala, kikamruka wa mwisho aliye macho. Kerneli ina dawa yake tayari, for_each_online_cpu, inayopita kwa walio hai tu hata kama katikati kuna mapengo. Tangu siku hiyo, nikiona num_online_cpus, ile idadi ya walio hai, ndani ya kitanzi, nasimama.

Ujirani nao hausomwi kwa namba. Kuna mashine ambazo prosesa 0 inagawana kiini (core) kimoja cha chipu na 1, na nyingine 0 inagawana na 4. Faili la thread_siblings_list ndilo linalojua, si wewe.

Dhana: bila seva ya mamilioni huwezi kukagua msimbo huu.

Hii inanikera, maana inawakatisha tamaa watu wa huku kwetu. QEMU inakuundia mashine ya kuigiza yenye nodi unazotaka, hata nodi isiyo na RAM, juu ya laptopu ya kawaida. Ukiongeza numa=fake=2 kwenye maagizo ya kuwasha kerneli, kama iliundwa na uwezo huo, RAM yako moja inagawanywa nodi mbili za bandia. Kasi halisi hutaipima hivyo, nakiri. Makosa ya mantiki utayaona.

Dhana: kimejengeka, kimewaka, kiko sawa.

Kuna thamani maalumu ya “nodi haijulikani”, nayo ni -1. Kiraka kimoja tulichokuwa tunakisoma kilichukua namba ya nodi na kuitumia papo hapo kutafuta ndani ya safu (array), orodha ya vitu vyenye namba kuanzia 0. Kwenye laptopu ya nodi moja jibu linaweza kuwa 0, na kila kitu kikaonekana shwari. Likija -1, msimbo unasoma kumbukumbu iliyo nyuma ya mwanzo wa safu, vitu vya mtu mwingine kabisa. Na mwanzoni mwa kuwaka -1 huja kirahisi, kwa sababu unaweza kuuliza nodi ya kifaa kabla haijapangwa. Kwa hiyo swali la mkaguzi si “hii inarudisha nini?” peke yake, bali pia “inaitwa lini?”

Yule kijana alikuwa ameshaandika mstari wa Reviewed-by, wa kuthibitisha amekikagua, wenye jina lake chini ya kiraka hicho. Akaufuta, akavuta koti vizuri, Julai ya Mbeya unaijua, akaanza kumwandikia mwenye kiraka: “Samahani, hapa nodi ikiwa -1 itakuwaje?”

Kisha akanigeukia, akanishukuru kwa Kinyakyusa. “Ndaga fijo, kaka.”