Kumlisha mbwa aliyeokotwa akiwa mifupa mitupu

Mbwa aliyekaa wiki kadhaa bila chakula akifika kwenye kituo cha kutunzia mbwa, huruma ya kwanza huja na sufuria. Ugali wa kujaa bakuli, supu ya mifupa juu yake, naye anafagia vyote kwa dakika mbili. Kesho yake anaonekana kapata nafuu. Siku ya tatu au ya nne miguu inatetemeka, anahema, na jioni hayupo. Watu husema alikuwa amechelewa kuletwa. Mara nyingi kilichomuua ni ule ugali.

Mwili wenye njaa ya muda mrefu huacha kutegemea sukari, ukala mafuta na misuli yake wenyewe. Akiba ya fosforasi, potasiamu na magnesiamu inakwisha taratibu, ingawa kipimo cha damu siku hiyo kinaweza kutoka safi kabisa. Wanga mwingi ukiingia kwa mpigo, insulini inapanda na kuyasukuma madini hayo machache kutoka kwenye damu hadi ndani ya seli. Damu ikikosa fosforasi, misuli inalegea, moyo unapiga ovyo na chembe nyekundu zinapasuka. Mkojo unaweza kuwa mweusi-mwekundu kama chai ya rangi. Hapo ndipo wengi wanapotea njia, maana babesia, ugonjwa unaoletwa na kupe, nao hutoa mkojo wa namna hiyo, na mbwa wa mitaani Dodoma hakosi kupe. Dalili zikitokea ndani ya siku 2 hadi 5 tangu aanze kula, jambo la kwanza kumwambia daktari wa mifugo ni siku ya mlo wa kwanza na kilichokuwa kwenye bakuli. Habari ya kupe ifuate.

Kabla ya chakula chochote, mtazame mdomo kwa macho tu. Taya linaloning'inia, mate yanayochuruzika, kushindwa kumeza maji: mtu hudhani ana mfupa kooni na kuingiza mkono. Usiingize. Hizo ni dalili za kichaa cha mbwa hadi daktari aseme vinginevyo. Aking'ata, au mate yakigusa kidonda, osha kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, kisha nenda hospitali siku hiyo hiyo ukapate chanjo.

Kama mdomo hauna shaka, pima joto kwa njia ya haja kubwa, kipimajoto kikiwa kimepakwa mafuta ya mgando. Kawaida ni kati ya nyuzi 38 na 39.2. Akiwa chini ya 37.5, tumbo linaweza kufanya kazi polepole, na chakula kikakaa humo au kikatapikwa. Kwanza apashwe joto kwa blanketi na chupa za maji ya moto zilizofungwa kitambaa, na chini kuwe na maboksi ili asilalie saruji. Mwezi Juni na Julai, kwa upepo wetu wa usiku, mbwa asiye na mafuta mwilini hupoa hata akiwa ndani ya banda.

Maji apewe kidogokidogo, mara kwa mara, kwa saa za mwanzo. Kuvuta ngozi ya shingo ili kujua kama kapungukiwa maji hakusaidii hapa, kwa kuwa ngozi isiyo na mafuta chini yake hurudi polepole hata maji yakiwepo. Angalia fizi. Zikiwa kavu na za kunata, maji yamepungua. Zikiwa nyeupe, damu ni ndogo, mara nyingi kwa sababu ya kupe au minyoo. Zikiwa za njano, muone daktari leo.

Sasa mizani. Panda juu yake ukiwa umembeba mbwa, kisha panda peke yako, utoe uzito wako. Tumia uzito alionao, usitumie ule unaotamani awe nao. Zidisha kilo kwa 30, ongeza 70. Mbwa wa kilo 10 anapata kilokalori 370 kwa siku. Kwa aliyekonda hadi mbavu, uti wa mgongo na nyonga vinaonekana kwa mbali, siku ya kwanza mpe robo ya hesabu hiyo, ya pili nusu, ya tatu robo tatu, ya nne kamili. Abaki hapo hadi siku ya kumi. Mgao wa siku ugawe mara nne hadi sita, usiku ukiwemo.

Robo ya 370 ni kidogo kuliko watu wanavyofikiria: yai moja la kuchemsha na kijiko cha chakula cha nyama ya kusaga isiyo na mafuta. Hicho ni chakula cha siku nzima. Mbwa atalia na atalamba bakuli hadi lisogee ukutani, na wafanyakazi watakuona katili. Wape kazi nyingine.

Siku ya nne, mayai mawili na gramu 100 za nyama iliyochemshwa vinakaribia kutosha, na hapo ndipo kijiko kimoja au viwili vya ugali vinaweza kuingia. Dagaa wanafaa na bei yake inavumilika, ila waoshwe mchanga, wachemshwe bila chumvi, wasagwe. Nyama, mayai na dagaa vina fosforasi anayoihitaji. Ugali mtupu unaimaliza. Vitamini B, hasa B1, itangulie mlo wa kwanza, daktari akiwa ndiye mpangaji wa dozi. Mifupa iliyopikwa haina nafasi, wala vitunguu vilivyomo kwenye mabaki ya mchuzi wa hotelini.

Kuna mambo mawili ya mkoa wetu wa Dodoma. Zabibu, mbichi au kavu, huharibu figo za mbwa, na kiasi kinachomdhuru mmoja hakitabiriki kwa mwingine; msimu wa mavuno usikubali makapi ya shambani yafike bandani. La pili ni mahindi. Mwaka 2016 sumukuvu ya kwenye mahindi iliua watu katika mikoa ya Dodoma na Manyara. Mahindi yaliyovunda ambayo mtu hatayala bado yanaitwa chakula cha mbwa, wakati mbwa ni miongoni mwa wanyama wanaoumizwa sana na sumu hiyo. Kupika hakuiondoi. Pumba huwa nayo nyingi kuliko sembe iliyokobolewa, kwa hiyo ugali wa pumba wa bei ya chee ndio wenye hatari zaidi. Akigoma kula, akatapika na fizi zikawa za njano, simamisha gunia hilo kwa mbwa wote.

Dawa ya minyoo isubiri hadi aweze kusimama na kula bila kutapika, labda fizi nyeupe zimlazimishe daktari kuiwahisha. Nina neno kali kuhusu ivermektini ya ng'ombe, dawa ya minyoo ya sindano: ile ya asilimia 1 ina miligramu 10 kwa kila mililita, hivyo dozi ya miligramu 0.2 kwa kilo, kwa mbwa wa kilo 10, ni mililita 0.2. Nukta ikirukwa inakuwa 2. Aliyedhoofika hivi asichomwe kabisa bila daktari, na dawa ya kuogeshea ng'ombe usimmwagie. Kupe watolewe kwa kibano.

Muda wote huo akae banda la peke yake, angalau siku 14, kwa ajili ya parvo, ugonjwa wa virusi unaoambukiza mbwa wengine kwa kinyesi. Baada ya siku ya kumi ongeza chakula kama robo kila siku tatu, mradi kinyesi kikae imara; kikilegea, rudi hatua moja. Mpime kila baada ya siku tatu. Akihamia kwa wenzake, aendelee kulishwa nyuma ya wavu. Aliyewahi kufa njaa hulinda bakuli kwa meno, hata likiwa tupu, kwa hiyo bakuli litolewe akiwa amefungiwa upande wa pili.