Kazi na familia: mambo tunayoambiana Uganda na ukweli wake

Miaka minne iliyopita nilipandishwa cheo nikahamishwa kutoka Busia kuja Kampala, kila mtu akanipongeza, mtoto wangu nikamwacha kwa mama yangu Busia kwa sababu nilijiambia ni mwaka mmoja tu nijipange. Tangu hapo nimesikia maneno mengi kuhusu kazi na nyumba, mengine nimeyasema kwa mdomo wangu mwenyewe, na mengi si kweli jamani.

"Ukilipa ada umeshalea." Hii ndiyo iliniumiza zaidi. Ada nilikuwa namaliza yote wiki ya kwanza ya muhula, sidaiwi hata shilingi, usiku nalala nikijua mtoto yuko sawa. Jumamosi moja nimefika nyumbani nikafungua diari yake ya shule, kila ukurasa kwa sahihi ya mzazi kuna jina la mama yangu, ameliandika pole pole kwa herufi kubwa, unaona kabisa mkono ulikuwa unatetemeka. Katikati kuna maneno ya mwalimu kwa wino mwekundu, kwa Kiingereza, kwamba mtoto haoni vizuri ubaoni na mzazi apige simu. Tarehe ni ya wiki tano nyuma! Mama hasomi Kiingereza, akaniambia alidhani ni mambo ya ada na ada alijua nimelipa. Wiki tano mtoto anakodoa macho, na mimi kila jioni nampigia namuuliza umekula, umesoma, ananijibu ndiyo mama. Bibi anaweza kumlea mtoto vizuri sana, wangu amemlea, lakini kuna vitu mzazi anaviona akiwa karibu tu, kwa simu havionekani.

"Likizo ni huruma ya bosi, ukiomba utaonekana mvivu." Hapana. Sheria ya Ajira ya 2006 inasema ukishamaliza miezi sita kazini una haki ya siku 7 za likizo ya malipo kwa kila miezi minne, yaani 21 kwa mwaka. Wiki ya kawaida ya kazi mwisho ni saa 48, na ovataimu inalipwa mara moja na nusu, siku ya sikukuu mara mbili. Watu wengi wanasema hayo ni ya wenye mikataba mikubwa, lakini sheria inatambua hata mkataba wa mdomo, na ukinyimwa unapeleka malalamiko kwa afisa wa kazi wa wilaya. Najua kuna hofu ya kufukuzwa, hofu hiyo ni ya kweli na simcheki mtu, lakini mimi nilikaa miaka miwili bila kuomba na hakuna aliyekuwa amenikatalia.

"Mwanamke akijifungua cheo kimeenda." Sheria hiyo hiyo inampa siku 60 za kazi na mshahara kamili, ukifanya kazi siku tano kwa wiki hizo ni wiki 12, halafu anarudi kwa kazi yake ile ile au nyingine inayomfaa isiyo na masharti mabaya kuliko ya kwanza. Kumfukuza kwa sababu ya mimba ni kosa. Baba naye ana siku 4, ambazo nasema wazi ni chache mno, lakini hata hizo nne wanaume wengi wa ofisi yetu hawachukui.

"Jiue na kazi sasa upumzike baadaye." Shirika la Afya Duniani (WHO) na Shirika la Kazi Duniani (ILO) walitoa hesabu mwaka 2021: watu kama 745,000 walikufa mwaka 2016 kwa kiharusi na magonjwa ya moyo yanayohusiana na kufanya kazi saa 55 au zaidi kwa wiki. Na cheo kikipanda simu inalia zaidi, haipungui.

Na wale wanaosema "acha kazi ufungue biashara upate muda", waende Kikuubo, pale kwenye maduka ya jumla katikati ya Kampala, waangalie wenye maduka wanafungua saa ngapi na wanafunga saa ngapi.

Nilichofanya mimi, niliomba Ijumaa niwe natoka saa tisa, niliogopa wiki nzima kabla ya kuongea, na bosi akasema tu basi ripoti ya wiki iwe imefika Alhamisi. Saa tisa hiyo inaniwahisha kabla jam ya Mukono haijashika, usiku niko Busia. Mtoto sasa ana miwani. Katikati ya wiki bado mama ndiye anasaini diari, ila tumekubaliana akiona wino mwekundu ampe kijana wa jirani apige picha anitumie kwa WhatsApp usiku huo huo.