“Kwa Hisani ya” Si Kibali

Juzi amenijia tena mteja, simu mkononi. Ni mpiga picha. Picha yake ya bibi harusi imewekwa kwenye tangazo la muuza magauni. Kona ya chini iliyokuwa na jina lake imekatwa, na mahali pake pameandikwa: “Picha kwa hisani ya mtandao.” Alipomwandikia mwenye ukurasa aitoe, alijibiwa kwa mshangao wa kweli kabisa: mbona nimeweka “kwa hisani ya”?

Jibu hilo nimelisikia hadi limenichosha. Hisani ni wema aliokutendea mtu. Mtandao haujamtendea yeyote hisani. Aliyeipiga picha ile hakuombwa, hivyo hakutoa chochote cha kushukuriwa. Na hata jina lake lingeandikwa kwa herufi kubwa, bado ingekuwa picha iliyotumiwa bila ruhusa.

Hakimiliki ina pande mbili. Kuna haki za kimaadili: kutambuliwa kuwa kazi ni yako, na kupinga isipotoshwe kwa namna inayokuvunjia heshima. Hizo ziliingizwa katika Mkataba wa Berne, mkataba wa kimataifa wa hakimiliki, mwaka 1928, kifungu cha 6 bis. Halafu kuna haki za kiuchumi: kunakili, kusambaza kwa umma, kutafsiri, kuigeuza kazi. Ukitaja jina umeheshimu upande wa kwanza. Wa pili hujaugusa.

Najua mkanganyiko unatoka wapi. Kifungu cha 10 cha mkataba huohuo kinaruhusu kunukuu kazi iliyokwisha kutolewa kihalali kwa umma, kwa kiasi kinacholingana na lengo, na kinataka chanzo kitajwe, pamoja na jina la mwandishi kama limo. Watu wameshika sharti la mwisho wakaacha mengine yote. Ukiichambua picha ile, ukaeleza mwanga ulivyoangukia shela, unanukuu, na jina ni lazima. Ukiitumia kuuzia magauni, hakuna unachonukuu, basi jina halikuokoi.

Mwaka 2018 Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya iliamua kesi ya mwanafunzi wa Ujerumani aliyepakua picha ya mji wa Cordoba kutoka tovuti ya utalii kwa ajili ya kazi ya darasani. Chini ya picha alitaja tovuti alikoitoa. Shule ikaipandisha kazi hiyo kwenye tovuti yake, na mahakama ikasema ilihitajika ruhusa ya mpiga picha. Uamuzi huo naufundisha, lakini moyo wangu haujatulia nao. Wakili Mkuu wa mahakama hiyohiyo, ambaye kazi yake ni kuishauri kabla haijaamua, alikuwa ameshauri kinyume, na hoja zake kuhusu elimu bado naziona zina uzito. Muuza magauni, hata hivyo, si mwanafunzi.

Mengine nitayapitia haraka. Kuandika “Sikusudii kukiuka hakimiliki” hakukulindi. Alama ya © na usajili si masharti ya kulindwa chini ya Berne. Ulinzi unaanza kazi inapoundwa. Hakuna sheria ya “sekunde kumi za wimbo au video ni bure”. Kubonyeza kitufe cha kushea ndani ya mtandao uleule ni tofauti na kupakua na kuposti upya, kwa sababu aliyeposti alikwisha kukubali masharti ya mtandao huo.

Picha za vichekesho (meme) ndizo zinanisumbua. Marekani wana kifungu cha 107 cha sheria yao ya hakimiliki, chenye vigezo vinne vya matumizi ya haki (fair use), yaani kutumia kazi ya mtu bila ruhusa na bila kuvunja sheria, lakini vigezo hivyo vinapimwa kesi kwa kesi. Video ya sekunde 29 ya mtoto akicheza muziki jikoni ilizua shauri mwaka 2007, na ilipofika 2015 ndipo mahakama ya rufaa ikasema anayetaka video iondolewe lazima kwanza afikirie matumizi ya haki. Kijana akiniuliza kama kichekesho chake ni halali, sina jibu la mkato la kumpa, na wakili anayelitoa simwamini.

Tangazo la magauni halina utata huo. Ujumbe wa mistari miwili ungetosha: naomba kutumia picha yako, kwa tangazo hili, kwa muda huu. Mteja wangu aliniambia angeombwa angeitoa bure. Sasa anataka malipo, na barua ya madai nimeituma jana.