Kutoka anwani ya IP hadi mlangoni: kesi za wanaowinda watoto mtandaoni hupotelea wapi

Mara nyingi kesi ya Nairobi au Kilifi huanzia Marekani. Sheria ya huko inazilazimu kampuni za mitandao, zikigundua kwenye seva zao picha za watoto wanaodhalilishwa kingono, zitoe taarifa kwa NCMEC, kituo cha huko cha watoto waliopotea na wanaodhulumiwa, kinachopokea taarifa hizi tangu 1998. Mwaka 2023 pekee zilifika zaidi ya milioni 36. Zinazoelekea Kenya huangukia mikononi mwa AHTCPU, kitengo cha DCI, idara ya upelelezi wa jinai, kinachoshughulikia usafirishaji haramu wa binadamu na ulinzi wa watoto.

Sisi tunaochunguza ushahidi wa kidijitali tunajua kwamba mshukiwa haponyoki kwa ujanja wake tu. Huponea kwenye vitu vidogo tulivyovipuuza, na cha kwanza ni saa.

Anwani ya IP, yaani namba inayotambulisha muunganisho wa intaneti, si anwani ya nyumba. Anwani hizo ni chache, kwa hiyo kampuni ya simu huwagawia wateja wengi anwani moja kwa wakati mmoja, na kinachowatenganisha ni poti, namba ya ziada inayopewa kila muunganisho. Barua kwa kampuni hiyo iwe na anwani, poti na wakati hadi sekunde. Poti ikikosekana, kinachorudi ni orodha ndefu ya majina yasiyosaidia, au hakuna kitu.

Wakati huo nao huandikwa kwa UTC, saa ya pamoja ya dunia, nasi tuko mbele yake kwa saa 3. Tukio la tarehe 4, 22:30 UTC, hapa ni tarehe 5, 01:30, yaani saa saba na nusu usiku. Ukisahau kuongeza, unaulizia siku nyingine na mteja mwingine. Kisha kuna saa yetu ya Kiswahili. Mtoto akisema “saa tatu na dakika arobaini na saba usiku”, ni 21:47. Afisa akiandika 3:47 peke yake, atakayelisoma faili wiki ijayo atadhani ni alfajiri, na maelezo ya mtoto yataonekana kupingana na rekodi ya seva. Wakili wa utetezi hahitaji zaidi ya hapo.

Hata jina likipatikana, huyo ni mwenye laini tu. Laini huweza kusajiliwa kwa jina la mama, na ruta moja huhudumia ploti nzima. Anayetafutwa ni aliyeshika simu.

Simu ikikutwa imewaka wakati wa msako, isizimwe. Ikishafunguliwa hata mara moja tangu kuwashwa, funguo za kusomea data yake iliyofungwa kwa msimbo hubaki kwenye kumbukumbu ya muda. Ukiizima, zinapotea, na bila nywila huenda usipate kitu. Iwekwe kwenye hali ya ndegeni, halafu Wi-Fi na bluetooth ziangaliwe kivyake, maana huweza kubaki zimewaka, na mwenye akaunti akafuta kila kitu akiwa mbali. Kisha iingie kwenye mfuko unaozuia mawimbi. Humo simu inaweza kuhangaika kutafuta mtandao na kumaliza chaji upesi, kwa hiyo pawabenki iingie nayo ndani. Kebo ikipitishwa mdomoni mwa mfuko, mawimbi nayo hupita.

Maabarani kila nakala ya data hupewa hashi ya SHA-256, alama yake ya kidole yenye herufi na tarakimu 64, inayokokotolewa kutoka kwenye data yenyewe. Biti moja, chembe ndogo kabisa ya data, ikibadilika, hashi yote inakuwa nyingine. Nakala ya kielektroniki huambatana na cheti cha kifungu 106B cha Sheria ya Ushahidi. Karatasi hiyo ikikosekana, ushahidi unaweza kukataliwa mahakamani.

Picha ambayo wachunguzi hawajawahi kuiona ndiyo inayonitia hofu zaidi, kwa sababu mtoto aliyemo huenda bado yuko na mtesi wake. Hapo hutazamwa kilicho nyuma yake. Soketi ya matundu matatu ya mstatili iko Kenya, Uganda na Tanzania, haitoshi. Sare ya shule, mfuko wa unga, au jina la kanga iliyotundikwa mlangoni huweza kupunguza eneo sana.

Mzazi, ukikuta mazungumzo ya namna hii kwenye simu ya mtoto, usiyafute wala usijifanye mtoto ukaendelea kuchati. Picha usiitume kwenye grupu la wazazi, hata kwa nia ya kuonya: kifungu cha 24 cha sheria ya mwaka 2018 ya makosa ya kompyuta na mtandao kinahusu usambazaji wa picha hizi, na adhabu yake hufika miaka 25 jela au shilingi milioni 20, au vyote viwili. Nakili kiungo cha akaunti, kwa kuwa jina linaloonekana juu hubadilishwa wakati wowote. Kama jumbe zinajifuta zenyewe, piga picha ya maandishi kwa simu nyingine. Piga 116, namba ya msaada kwa watoto, ni bure. Saa aliyokutajia mtoto iandike kwa maneno, vilevile alivyoitamka.