Alama za grafu zinapotelea wapi

Semesta inapokaribia kufungwa, barua za wazazi huongezeka kwenye kitengo cha sayansi cha ukaguzi wa shule hapa Goma. Safari hii nyingi zinauliza jambo moja: mtoto amechora grafu safi, mstari umenyooka kama uzi, kwa nini amepewa 4 kwa 10? Barua hizo tunazisoma kwa uzito, maana mzazi anayefungua daftari la mwanawe anamsaidia mwalimu. Lakini grafu haipewi alama kwa usafi wa mstari. Inapewa alama pale ambapo mtu asiyekuwepo wakati wa jaribio anaweza kuishika na kurudisha kutoka humo vipimo vilevile vilivyoandikwa kwenye jedwali. Wale wanaosema "mwanangu hana kipaji cha kuchora" waache kusema hivyo mbele ya mtoto. Hakuna kipaji kinachohitajika hapa. Kuna hesabu ndogo, rula na penseli iliyochongwa.

Maelezo haya ni ya kazi za sekondari, na hayaondoi maagizo ya mwalimu. Swali likitaka jambo tofauti, fuata swali.

Tuchukue jaribio ambalo shule isiyo na maabara inaweza kulifanya: robo lita ya maji kwenye sufuria ndogo juu ya mbabula (jiko la makaa), na kipimajoto kinachofika nyuzi 110, ncha yake ikiwa ndani ya maji bila kugusa chini ya sufuria. Kipimajoto kinachogusa chini kinapima sufuria badala ya maji. Joto linasomwa kila baada ya dakika 2. Tuseme mwanafunzi ameandika, kuanzia dakika 0 hadi 20: 22, 34, 46, 58, 70, 81, 90, 95, 95, 95, 95.

Kitu alichokichagua mwenyewe, yaani muda, kinakaa kwenye mhimili mlalo. Kilichofuata, yaani joto, kinakaa kwenye mhimili wima. Kila mhimili unaandikwa jina na kipimo chake, "Muda (dakika)", "Joto (°C)", au kwa Kifaransa kama darasani. Hilo linajulikana, tusikae hapo.

Skeli, au eshele kama wanafunzi wanavyoiita, ndiyo inayowaangusha wengi. Chukua karatasi ya milimeta yenye nafasi ya sentimita 18 kwa upana na 25 kwa urefu. Muda una dakika 20: gawa 20 kwa 18, unapata kama 1,1. Usiitumie 1,1. Panda hadi namba nyepesi inayofuata katika 1, 2, 5, au hizo hizo zikizidishwa au kugawanywa kwa kumi. Hapa ni 2: sentimita moja kwa dakika 2, na mhimili utachukua sentimita 10, zaidi ya nusu ya upana. Joto linatoka 20 hadi 100, yaani nyuzi 80 kwa sentimita 25, sawa na 3,2 kwa sentimita. Panda hadi 5. Utachukua sentimita 16. Kwa nini tusitumie 4, wakati inakaribia zaidi? Kwa sababu kila milimita ingekuwa nyuzi 0,4, na hiyo 81 ungeitafuta kwa kuhesabu vimilimita na kukosea. Kwa 5, milimita moja ni nusu nyuzi, na 81 inakaa milimita 2 juu ya 80 bila kubahatisha. Mhimili wa joto hapa unaanzia 20, na hilo linaruhusiwa mradi 20 iandikwe wazi pale pembeni. Grafu ya nguzo, ile ya mvua kwa mfano, hairuhusiwi kuanzia mahali pengine isipokuwa 0, kwa sababu jicho linalinganisha urefu wa nguzo nzima.

Sasa kosa lenyewe la skeli, linalozaa ile 4 kwa 10. Mwanafunzi anachukua namba za jedwali kama zilivyo, 22, 34, 46, 58, 70, 81, 90, 95, na kuziandika kwenye mhimili wima, moja kila sentimita. Kutoka 22 hadi 34 ni nyuzi 12 na kutoka 90 hadi 95 ni nyuzi 5, ila kwenye karatasi yake zote ni sentimita moja. Matokeo yake nukta zote, tangu mwanzo hadi dakika ya 14, zinapanda kwa hatua sawa na mstari unanyooka vizuri ajabu. Maji halisi yalipanda nyuzi 12 kila dakika mbili hadi dakika ya nane, kisha yakapunguza mwendo: 11, 9, 5. Kupungua huko, ambako ndiko alama ya kwamba maji yanapoteza joto na mvuke kadiri yanavyokaribia kuchemka, kumefutika kabisa. Mzazi anayetuandikia kwamba mstari umenyooka, mara nyingi ndicho anachokiona, na mstari huo ndio ushahidi wa kosa.

Koma nayo inahitaji uangalifu. Sisi huku tunaandika 0,5 kwa koma, kikokotoo na simu vinaonyesha 0.5 kwa nukta, na vitabu vingine vya nje vinatumia koma kutenganisha maelfu. Mwanafunzi aliyesoma katika kitabu kama hicho kwamba Nyiragongo ina mita "3,470" ameweza kuweka mlima mzima kati ya 3 na 4. Ndani ya grafu moja tumia mtindo mmoja, na maelfu yaandike bila alama yoyote: 3470.

Nukta ziwekwe kwa penseli kali, msalaba mdogo wa milimita 2, katikati ya msalaba ndipo thamani ilipo. Duara nene la biki lenye upana wa milimita 2 linafunika nyuzi nzima kwa skeli yetu, na anayesahihisha hawezi kujua ulimaanisha juu yake au chini yake. Kisha mstari. Usiunganishe nukta moja hadi nyingine kwa rula kama wanaounganisha nyota, kwa maana kila kipimo kina hitilafu yake ndogo na mstari wa kuvunjikavunjika unadai kwamba maji yalibadili mwendo ghafla kila dakika mbili. Pitisha rula kati ya nukta za sehemu iliyonyooka, zibaki karibu sawa juu na chini ya mstari, na sehemu inayopinda ichorwe kwa mkono mmoja taratibu. Nukta iliyokaa mbali na zote haifutwi wala hairekebishwi. Inazungushiwa duara, kipimo kinarudiwa kama inawezekana, na chini ya grafu unaandika sababu unayoidhani.

Kuna jambo moja hapa linalotuumiza kuliko yote. Kwenye karatasi nyingi za jaribio hili, zile 95 za mwisho zimefutwa na kuandikwa 100. Alama za kifutio zinaonekana. Mtoto ameona kipimajoto kimekwama kwenye 95, akakumbuka kitabu kinasema maji huchemka kwa nyuzi 100, akaamua kwamba macho yake ndiyo yaliyokosea. Kitabu kinazungumzia usawa wa bahari, kama bandari ya Banana kule mwambao. Goma iko karibu mita 1500 juu ya bahari, hewa inakandamiza kwa nguvu ndogo kuliko pwani, na maji yanachemka karibu nyuzi 95. Bukavu ni karibu vivyo hivyo. Lubumbashi, iliyo karibu mita 1200, huwa karibu 96. Mama anayepika maharagwe hapa anajua yanachukua muda mrefu, na sababu mojawapo ndiyo hii. Mstari ule mlalo wa 95 kuanzia dakika ya 14 ni kipimo sahihi cha mji wetu, na mwanafunzi aliyekibadilisha amefuta sehemu ya thamani kuliko zote katika kazi yake. Walimu, tunawaomba: msiwakate alama kwa 95. Yapo madarasa ambako hilo limefanyika, na ndiko watoto wanakojifunza kughushi.

Mteremko unasomwa kwenye mstari wenyewe, kutoka nukta mbili zilizo mbali, zisizo lazima ziwe za jedwali. Dakika ya 1 mstari unaonyesha 28, dakika ya 7 unaonyesha 64: tofauti ni nyuzi 36 kwa dakika 6, yaani nyuzi 6 kwa dakika. Baadhi wanaweka raporta juu ya grafu, wanapima pembe kama nyuzi 67, wanatafuta tanjenti yake na kujibu 2,4. Hiyo 2,4 ni sentimita kwa sentimita za karatasi. Ukibadilisha skeli inabadilika, na maji ya kwenye sufuria hayajui skeli yako. Vilevile usiurefushe mstari kupita vipimo bila kufikiri: kwa nyuzi 6 kila dakika, dakika ya 20 ingefika nyuzi 142, joto ambalo maji ya sufuria iliyo wazi hayafiki kamwe.

Jedwali la kusahihisha tunalowashauri walimu, ingawa si kila shule inalitumia, linagawa alama 10 hivi: kichwa cha grafu 1, majina na vipimo vya mihimili 2, skeli 2, nukta 3, mstari 2. Nukta iliyo nje ya mahali pake kwa zaidi ya milimita 1 inahesabiwa kosa. Kosa moja linaondoa alama 1, mawili yanaondoa 2, matatu au zaidi yanaondoa zote 3. Skeli isiyo sawa inaondoa alama 2 zake na pamoja nazo 3 za nukta, kwa kuwa nukta haiwezi kuwa mahali sahihi kwenye mhimili usio sahihi. Mstari uliochorwa vizuri juu ya nukta hizo hupewa 1. Jumlisha kichwa na mihimili, unapata ile 4 kwa 10 inayolalamikiwa.

Kusoma grafu ya wengine kunaanzia kwenye mihimili pia, kabla ya kuutazama mstari. Grafu ya joto la Ziwa Kivu kwa kawaida ina kina kwenye mhimili wima, 0 ikiwa juu, na namba zinakua kuelekea chini hadi karibu mita 485. Mwanafunzi anaona mstari unashuka, anaandika "joto linashuka". Asome tena: kutoka juu joto linapungua hadi karibu nyuzi 23 kwenye mita 80 hivi, kisha kadiri unavyozama linaongezeka, hadi karibu 26 chini kabisa. Maji ya chini yana joto zaidi na bado hayapandi, kwa kuwa chumvi na kaboni dioksidi iliyoyeyuka humo vinayafanya mazito.

Grafu za jumla, zinazojumlisha tangu mwanzo, nazo zimepotosha watu wazima. Wakati wa Ebola ya mashariki mwa Kongo, iliyotangazwa tarehe 1 Agosti 2018 na kutangazwa kwisha tarehe 25 Juni 2020, idadi ya wagonjwa ilifika 3470. Mstari wa jumla kama huo hauwezi kushuka hata siku moja, kwa sababu kila mgonjwa mpya anaongezwa juu ya wa zamani. Waliousoma kama kipimo cha homa ya mji walisema ugonjwa unazidi, hata katika miezi ambayo wagonjwa wapya wa kila wiki walikuwa wakipungua. Kwenye mstari wa jumla tazama mteremko: ukilala, maambukizi yanapungua.

Kwenye jiografia, diagramu ya mvua na joto ina sharti lake: nyuzi 10 za joto zikabiliane na milimita 20 za mvua. Mwezi wenye wastani wa nyuzi 20 na mvua milimita 30 ni mkavu, kwa sababu 30 iko chini ya 40. Anayeweka 10 mkabala na 10 ataona nguzo ya mvua imepita mstari wa joto, na ataandika kwamba mwezi huo ni wa mvua.

Mzazi asiyeridhika aanze kwa mwalimu wa somo, kisha prefe, yaani mkuu wa shule, kwa barua, kabla ya baraza la walimu kufunga alama. Kwetu barua ije ikiwa imepita kwa prefe. Iambatane na karatasi yenyewe ya grafu, maana picha ya simu hupinda mistari na milimita 1 haionekani tena, pamoja na jedwali la vipimo. Bila jedwali hatuna cha kulinganisha nukta nacho, na barua itarudishwa.